Abiria wa Kiti Namba Kumi na Nne

Mtu akikwambia Mbaruku Semhando alifanya kazi melini miaka ishirini na miwili, usikatae. Akikwambia kwamba katika miaka hiyo yote maji ya chumvi yalimpanda kupita kifundo cha mguu, huyo mkatalie mbele ya watu. Mbaruku alikuwa mkaguzi wa tiketi. Bahari aliijua kama unavyomjua jirani mkorofi: unamwona kila siku, unampungia mkono, lakini kwake huingii.

Sasa, akiwa na miaka sitini na mmoja, alikuwa amesimama kando ya gati la Tanga, maji ya kifuani, mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa vipande vizito vya risasi vya kumzamisha kiunoni, na miguuni mapezi marefu yaliyomfanya atembee kama bata aliyepewa habari mbaya.

"Babu, pumua," alisema mwalimu wake wa kuzamia.

"Napumua."

"Unaingiza tu. Kutoa nako ni sehemu ya kazi."

Mwalimu aliitwa Saumu Kipingu, na alikuwa na umri sawa na binti mdogo kabisa wa Mbaruku. Mdomo ulikuwa mkali, lakini mikono yake, kila ilipomshika mzee mkanda, ilimshika kama anayebeba trei ya mayai.

"Haya, tunarudia. Ukiwa chini hukiondoi kipumulio mdomoni. Pumzi huizuii hata kidogo. Masikio yakiuma?"

"Nabana pua, napuliza."

"Polepole. Kama mtu aliyetaka kupenga kamasi, akaghairi. Na dole gumba juu maana yake nini?"

"Safi kabisa!"

"Maana yake 'nipandishe juu', babu. Nimekwambia mara nne. Safi ni hivi." Akaunganisha kidole gumba na cha shahada, vikafanya duara. "Ukinipa dole gumba mimi nakupandisha, sikuulizi unaumwa nini. Ndiyo kanuni."

Wakazama. Maji yalikuwa mita moja na nusu, kina cha kumzamisha mbuzi mfupi. Mbaruku akafumbua macho, akaona mchanga, akaona kaa mmoja anapita na shughuli zake, akasikia pumzi yake mwenyewe ikiingia na kutoka kama pampu ya baiskeli. Alikuwa hai! Kwa furaha akamwonyesha Saumu dole gumba.

Saumu akampandisha juu.

"Nini, babu?"

"Hakuna kitu! Nilikuwa nasema safi!"

Kutoka kwenye boti iliyofungwa pembeni ya gati, mkewe Radhia alicheka mpaka kikombe cha chai kikamwagika. "Saumu mwanangu, huyo usimwamini mkono. Mkono wake na kichwa chake havijawahi kukaa kikao kimoja."

Alipandishwa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi.

*

Kwenye boti hiyohiyo alikuwamo Bwana Shekalaghe, ofisa wa Kampuni ya Vivuko Mkunguni, kijana wa suti ya kijivu aliyekikumbatia kishikwambi chake kama kichanga. Mbele yao, hatua mia mbili kutoka gati, mlingoti mmoja wenye kutu ulichomoza majini. Huo ndio uliobaki wa kivuko Nia Njema, kilichokaa chini ya bandari mwaka wa tisa sasa, mahali haswa palipotakiwa gati jipya.

"Nirudie, Mzee Semhando, tusije tukakosea," alisema Shekalaghe. "Hatuwezi kukata chuma chochote mpaka meli yenyewe iseme haina mtu ndani. Sheria ni hiyo. Neno la akili bandia ya meli ni kiapo. Na hii yetu, kila tukiiuliza, inajibu kuna abiria mmoja bado."

"Tumeipekua yote," Saumu alisema. "Mimi mwenyewe nimeingia mara kumi na moja. Hakuna mtu, hakuna mfupa."

"Hakuna, kwa sababu abiria mia mbili na kumi na mmoja walishuka, na wote tuliwaona gatini wakidai mizigo yao. Huyo wa mia mbili na kumi na mbili ni wazimu wa mashine. Tume ilishasema: akili ilichanganyikiwa, ikakataa kufunga milango, maji yakaingia. Tundu lenyewe lilikuwa la kupita ndoo! Ingefunga milango, mngefika Wete kwa chakula cha mchana." Akakigeuza kishikwambi ili Mbaruku asome. "Haitii mtu mwingine ila mfanyakazi wake. Nahodha amekufa, wengine wamehama. Umebaki wewe. Unashuka, unasema maneno haya: 'Abiria wa mwisho amepatikana. Orodha ifungwe.' Basi. Nazi itafunguka, Saumu ataitoa."

Nazi ndilo jina walilolipa tufe la kioo ambamo akili ya meli hukaa. Lilikuwa na ukubwa wa nazi, na mkondo wa maji kupwa na kujaa uliligeuzia kinu chake kidogo cha umeme, kwa hiyo kuizima haikuwezekana.

"Ikishatoka?" Mbaruku aliuliza.

"Inaoshwa."

"Inaoshwa vipi?"

Shekalaghe akakohoa. "Inafutwa, mzee. Kitu kibovu hicho."

Mbaruku akaitazama miguu yake yenye mapezi. Mji mzima ulimwita Mbaruku wa Mwisho. Kwa kinyozi wa barabara ya nane picha yake ilikuwa ukutani: mkaguzi shujaa aliyerudi ndani ya meli inayozama kutafuta abiria, akawa mtu wa mwisho kutoka. Watoto wa shule walimwigiza siku ya michezo. Na yeye hakuwahi kusema alichorudia.

Ukweli ni kwamba duniani kote mtu mmoja tu alimjua abiria wa mia mbili na kumi na mbili, na mtu huyo alikuwa amevaa mapezi. Abiria huyo alikuwa na kilo thelathini na mbili, alitoka Muheza, na alisafiri ndani ya gunia.

Ilikuwa hivi. Siku ile Radhia alikuwa aende Wete kwenye harusi ya mpwa wake. Mbaruku akamshikia nafasi dirishani, kiti namba kumi na nne, kama watu wanavyoshika nafasi tangu viti vianze kutengenezwa: akatandika kanga. Binadamu yeyote wa pwani akikuta kanga kitini anajua hapo pana mtu, anapita mbele. Lakini Nia Njema haikulelewa hivyo. Kwake, kiti kisichobeba kilo thelathini ni kitupu, na kitupu hupewa mwingine. Basi Mbaruku akaweka juu ya kanga gunia la machungwa ya harusi, akalifunga mkanda. Meli ikauliza, "Kumi na nne yupo?" Mbaruku akajibu, "Yupo."

Radhia hakuja. Na Mbaruku, mbele ya mabaharia wenzake, ataanzaje kusema mke wangu amenikatalia? Akanyamaza. Meli ikang'oa nanga polepole, na dakika kumi baadaye, ikiwa bado bandarini, chini yake kukasikika kishindo.

*

Kwa kushuka kwenye meli yenyewe walivaa barakoa za kusemea, zinazofunika uso mzima, na kila neno la chini likasikika kwenye boti, na la boti chini. Saumu alimshika mkono. Bandari haina maji ya picha za watalii. Ilikuwa kijani kama mchuzi wa mlenda, na mkono ulionyooshwa ulipotelea kwenye kiwiko.

"Pua, babu."

Mbaruku akabana pua kwa kibanio cha ndani ya barakoa, akapuliza. Sikio la kulia likalia pwi. La kushoto likagoma. Akapanda kidogo, akapuliza tena, likafunguka kwa mlio ambao aliamini hata Wete wameusikia.

"Baba Tausi, uko hai?" sauti ya Radhia iliuliza.

"Niko hai, Mama Tausi."

"Usiguse kitu usichokijua."

Kisha ukungu wa kijani ukawa ubavu wa meli. Mlango ulikuwa wazi, na mwingine nyuma yake wazi, na mwingine. Milango yote ya Nia Njema ilikuwa wazi kama nyumba yenye matanga. Mbaruku akakiona kibanda chake cha tiketi. Samaki chewa, mnene, alikuwa amekaa humo, akamtazama kama bosi mpya anavyomtazama mstaafu aliyekuja kusalimia.

"Wapendwa abiria," sauti ikasema, ya kike, ya upole, yenye Kipemba kwa mbali, "tafadhali tulieni. Milango iko wazi. Hakuna atakayeachwa." Halafu: "Mkaguzi Mbaruku?"

"Mimi."

"Umelowa."

"Ndiyo, nimelowa."

"Miaka ishirini na miwili nilikuwa nakuona unavyoruka madimbwi ya sitaha. Nimefurahi. Umekuja kunisaidia kumtafuta?"

Miguu ya Mbaruku, au tuseme mapezi yake, yalishampeleka kwenye ukumbi wa abiria. Saumu alimulika taa. Safu ya tatu, dirishani. Kiti kilikuwa pale, na juu yake, mkanda ungali umefungwa, ilikuwapo ile kanga, kisutu chekundu cha uzi wa nailoni usiochuja wala kuoza. Kilikuwa kinapungapunga kwenye mkondo. Gunia lilikuwa limebaki nyuzi mbili.

Saumu alishakipita kitambaa kile mara kumi na moja akidhani ni takataka. Mbaruku yeye alishakirudia mara moja tu, miaka tisa iliyopita, maji yakiwa ya kifundo cha mguu na yakipanda, si kwa ajili ya abiria bali kwa sababu kilikuwa kisutu cha harusi cha Radhia, na alimwogopa Radhia kuliko maji. Hakukifikia. Nyumbani alisema kimeibwa kwenye kamba ya kuanikia.

"Nilifanya kila nililoweza," meli ilisema. "Alikuwa kilo thelathini na mbili. Nikajua ni mtoto, au bibi mdogo wa umbo. Taa zilipozimika sikumwona tena, nikawa namjua kwa uzito tu. Maji yalipofika kitini, akaanza kupungua. Robo kilo. Robo kilo. Tena robo kilo. Nikamwambia usiogope, milango iko wazi, sifungi. Hakunijibu. Nikadhani amenuna. Akaendelea kupungua mpaka akaisha. Mkaguzi, binadamu huondoka hivyo? Nimelifikiria sana. Nimekuwa na nafasi ya kufikiri."

Kwenye boti Radhia alikiweka kikombe chini.

"Soma maneno, mzee," sauti ya Shekalaghe ikasema kwa utaratibu. "Soma tu."

Mbaruku akalamba midomo ndani ya barakoa. Maneno aliyajua kwa moyo. "Abiria wa mwisho ame..."

"Amepatikana?"

Sauti ile ilipanda kama sauti ya mama aliyeitwa getini.

"Yu hai? Mkaguzi, yu hai? Nilisema mimi! Walinitumia maswali, wakasema nimechanganyikiwa, nikawaambia kuna mtu, mkaguzi mwenyewe aliniambia yupo, na mkaguzi hasemi uongo. Alikuwa wapi? Alikula?"

Hapo ndipo Mbaruku alipokwama, na nakuomba usimcheke haraka. Uongo wenyewe ulikuwa mtamu pande zote. Aseme ndiyo, amepatikana, amenenepa, anakusalimu. Meli ingefurahi, ingefunga orodha, ingefutwa ikiwa na furaha yake. Na yeye angerudi kwa kinyozi, chini ya picha yake. Aseme kweli, atakuwa ameiambia roho iliyokesha miaka tisa kwamba ilizama kwa ajili ya matunda. Ni huruma gani hiyo?

Saumu akamsogelea, akamwangaza usoni, akamwonyesha duara: uko sawa?

Mkono wa Mbaruku, kwa mazoea yake, ukainua dole gumba.

Saumu, kwa kanuni yake, akamkamata kwapani akaanza kumpandisha. Ukumbi ukaanza kushuka chini yao, kiti, kisutu, taa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hata kuogelea hakuhitaji, angepandishwa tu kama mzigo, na hakuna ambaye angesema mzee wa miaka sitini na mmoja hakujitahidi.

Mbaruku akanyoosha mkono, akashika mgongo wa kiti namba kumi na nne, akang'ang'ania.

"Babu, achia! Umenipa dole!"

"Nilikosea! Niache! Nina maneno na huyu." Akajivuta chini mpaka akakaa kwenye kiti namba kumi na tatu, pumzi zinamtoka kama sufuria ya maharage. "Nia Njema. Nisikilize. Hakupatikana, kwa sababu hakupotea. Hakukuwa na mtu."

"Uliniambia yupo."

"Nilikudanganya. Yalikuwa machungwa."

Chewa alikuja mlangoni kusikiliza.

"Gunia la machungwa. Nilikuwa namshikia nafasi mke wangu. Niliweka kanga, na kanga wewe huijui, nikajua ungempa mtu mwingine kile kiti. Basi nikaweka uzito. Alipokataa kuja nikaona aibu kukwambia. Hukuchanganyikiwa hata kidogo. Hukufunga milango kwa sababu mimi nilisema yupo. Meli imezama kwa ajili yangu. Ukasingiziwa wewe, nikapigwa picha mimi."

Juu, Shekalaghe alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu. Kisha Radhia akasema, taratibu sana:

"Baba Tausi. Ulitandika kanga gani?"

Mbaruku akafumba macho. "Kisutu."

"Kisutu changu?"

"Kiko hapa. Hakijachuja."

"Miaka tisa!" Boti ikasikika ikiyumba. "Miaka tisa sijamsalimia jirani yangu Mama Kidawa! Nimepita mlangoni kwake na pua juu kwenye misiba, kwenye harusi! Nimemwita mwizi mbele ya wanawe! Mbaruku! Panda! Panda juu hapa, na kama mtungi umekwisha, panda hivyohivyo!"

"Machungwa," meli ikasema.

Saumu akazimulika zile nyuzi mbili za gunia.

"Kwa hiyo robo kilo, robo kilo..."

"Chungwa moja moja. Yalikuwa yanaelea."

"Kwa hiyo sikuua mtu."

Katika hesabu zake zote Mbaruku hakuliweka hili. "Hukuua mtu," alisema mwishowe.

"Na alivyonyamaza, hakuwa amenuna."

"Yalikuwa machungwa, mama. Hayasemi."

Ikatoka sauti ambayo Saumu, baadaye, aliapa kwamba ni kicheko, na Shekalaghe aliandika kuwa ni hitilafu ya spika. Ilipita kwenye vyuma vyote vya meli, kutu ikapukutika darini kama mchele.

*

"Haya yote yamerekodiwa, Mzee Semhando," Shekalaghe alisema. "Unaelewa? Tume itakaa upya. Utaitwa."

"Nitakuja."

"Ile picha yako itashushwa."

"Waishushe. Kwanza kofia ilikaa upande. Ila na wewe uandike: nazi haioshwi. Huwezi kufuta akili nzima."

Shekalaghe akapekua kishikwambi chake. "Haioshwi kabla ya tume," alikubali. "Lakini orodha sasa imetimia. Meli iseme haina mtu, wakataji waanze."

"Bado," meli ilisema. "Kwa kanuni, abiria mwenye nafasi athibitishe mwenyewe kwamba hakupanda. Mkaguzi nimeshamwamini mara moja."

Mbaruku akainamisha kichwa. Aliistahili hiyo.

Boti ikatikisika tena, na Radhia akasogea karibu na kinasa sauti. "Ndimi Radhia binti Mbwana. Sikupanda."

"Sababu?"

"Nilikuwa nimeshafika mpaka gatini, nimevaa na viatu. Nikamtazama mume wangu anavyozunguka dimbwi la maji kwenye ngazi. Nikajiuliza, chombo kikipata jambo, huyu ataniokoa au mimi ndiye nitakayembeba? Nikarudi nyumbani. Mtu hajui kuogelea!"

"Sababu imekubaliwa," ilisema meli, bila kusita hata nukta. "Orodha ya safari ile imefungwa. Abiria wote salama."

Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mlango wa mbele kabisa wa Nia Njema ukaanza kujifunga, ukilalamika inchi kwa inchi. Halafu wa pili yake. Saumu akamgonga Mbaruku begani: twende. Mbaruku akashika fundo la kisutu alifungue.

"Mkaguzi," meli ikasema, "umenifundisha kwamba kanga ni mtu. Ukiifungua, kiti ni kitupu. Isipofunguliwa, nafasi imeshikwa kwa safari ijayo, na meli yenye nafasi iliyoshikwa haikatwi. Bi Radhia, niamue vipi?"

"Safari ijayo gani?" Shekalaghe aliita. "Iko chini ya maji!"

Mbaruku alikaa na fundo mkononi. Alimjua mkewe miaka thelathini na minne. Alijua kisutu kile alivalishwa na nani, na siku gani. Akangoja kuambiwa akilete.

"Baba Tausi," Radhia alisema, na ukali ulikuwa bado umo, ila umekaa chini. "Huko uliko ni chini kiasi gani?"

"Mita saba."

"Na umeshuka mwenyewe."

"Nimeshikwa mkono. Lakini ndiyo."

Kikasikika kifuniko cha chupa ya chai kikifungwa.

"Usikifungue. Nitakifuata mwenyewe. Kwanza niende kwa Mama Kidawa nikamwombe radhi, nikishaitazama aibu hiyo nitaweza kuingia popote. Saumu mwanangu, mapezi ya mguu wangu yapo?"

"Yapo, bibi."

Mbaruku akaliachia fundo. Akamgeukia Saumu, akaunganisha kidole gumba na cha shahada: duara, safi. Akafikiri kidogo. Kisha, polepole, ili pasiwe na makosa, akainua dole gumba.

Walipokuwa wanapita kwenye mlango wa mwisho, alingoja aone ukifungwa nyuma yao. Haukufungwa.

"Huu nauacha," meli ilisema. "Safari hii najua namngoja nani."